Taa za Mika na Jiwe la Mwajuma

Siku za kuvuna chai, Mwajuma akitoka shule hakwenda nyumbani. Alipita moja kwa moja kwenye banda la kupimia majani, akamkuta mama yake na kikapu, amekaa kwenye mstari wa mzani na wakulima wenzake wa kijiji cha Mgwashi. Kazi ya Mwajuma ilikuwa kuchambua. Alitoa vijiti na majani magumu, ili karani asije akakitikisa kikapu mbele za watu na kukirudisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na vidole vyake vilikuwa vimeshaota weusi wa chai kama vya mtu mzima.

Saa kumi lori la kikundi cha wakulima lilifika kuchukua majani. Dereva wake alikuwa Saidi, baba yake Mwajuma. Babu yake Mwajuma alitoka Songea zamani, akaja kuvuna chai kwenye mashamba makubwa, akazaa huku na akazikwa huku. Hata hivyo walikuwapo watu waliowaita wakuja, kama vile miaka hamsini ni wiki moja. Saidi hakuwajibu. Aliliosha lori kila asubuhi, akakagua breki kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miaka tisa hakumwaga hata kikapu kimoja cha mtu.

Huku milimani tuna desturi ya njiani. Mtu asiye na mzigo akikutana na mwenye mzigo kwenye kijia chembamba, yeye ndiye anayesimama kando, ampishe na amsalimu. Haiulizwi nani tajiri na nani mkubwa. Madereva nao wameichukua desturi hiyo hiyo. Gari tupu husimama pembeni upande wa bonde na kushusha taa iwe dimu, na gari lenye mzigo hupita upande wa mlima. Kushusha taa ndiyo shikamoo ya barabara. Asiyeshusha ametukana.

Mwaka huo, 2006, vitu vya Dubai vilikuwa vimejaa hadi kwenye maduka ya Soni. Zamani mtu alisubiri spea miezi mingi na barua mkononi. Sasa ukitaka chochote unakipata leo, na muuzaji hakuulizi unakwenda kukifanyia nini. Mika, aliyekuwa akipeleka kabichi na pilipili hoho sokoni kwa pikapu yake, alinunua balbu za zenoni. Zilikuja kwenye boksi lenye picha ya gari linalong'aa, pamoja na viboksi viwili vidogo vya umeme. Alitaka kuushinda ukungu wa mwezi wa saba, ili awe wa kwanza sokoni na wa kwanza kurudi.

Fundi Jonas, fundi wa umeme wa magari pale kijijini, alizifunga. Zilipowashwa, watoto walikuja kutazama. Mwanga ulikuwa mweupe kama bati jipya juani. Loveness, binti yake Mika, aliyesoma darasa moja na Mwajuma, alitamba wiki nzima kwamba gari la baba yake linaona kuliko magari yote ya Bumbuli. Mwajuma mwenyewe alizitamani taa hizo. Alimwambia baba yake anunue kama zile. Saidi alicheka, akasema ukungu haupigani na mtu, ila ukiupiga kwa mwanga mkali unakurudishia usoni.

Jumatano moja ukungu ulishuka mapema. Saidi alikuwa akiteremka na lori lililojaa majani ya watu arobaini, na Mika alikuwa akipanda kutoka Soni na gari tupu. Walikutana kwenye Kona ya Jiwe. Mika alisimama upande wa bonde, kama desturi, lakini taa zake hazikushuka. Saidi akamwashia dimu na fulu mara tatu, kumwomba. Ule weupe ukabaki pale pale, umejaa kioo chote. Saidi hakuona tena barabara, wala mtaro, wala mkono wake juu ya usukani. Alichojua ni kwamba mbele yake kuna gari lenye mtu, na nyuma ya gari hilo kuna bonde. Akakata usukani kuelekea mlimani. Gurudumu likaingia mtaroni, lori likalala ubavu, na majani yote yakamwagika kwenye tope. Bega lake la kushoto likateguka.

Watu walikimbia kutoka mashambani. Mika alikuwa wa kwanza kusema, na alichosema kilikuwa kifupi. Alisema yeye alishusha taa, na kwamba Saidi alikuwa amelewa.

Saidi hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Lakini siku iliyotangulia kulikuwa na harusi kwa watu wa Songea, na wapo waliomwona pale akila pilau. Basi ikatosha. Watu arobaini wamepoteza majani yao, wanataka mtu wa kumkasirikia, na hapo yupo mkuja mwenye mkono uliofungwa kwa kitambaa shingoni. Kufika jioni mlevi lilikuwa limeshakuwa jina lake. Wazee wa kikundi walisema watakutana Jumamosi kuchagua dereva mwingine.

Usiku ule nyumbani Saidi alieleza mara moja tu jinsi ilivyokuwa. Mwajuma alisikia kila neno. Moyo wake ulichemka kama sufuria iliyofunikwa. Alisubiri baba yake aseme atakwenda kwa Mika, atamkamata shati, atafanya kitu. Saidi aliomba maji ya moto ya kukandia bega.

Shuleni Alhamisi ilikuwa mbaya, na Ijumaa ikawa mbaya zaidi. Wavulana walipita mbele ya Mwajuma wakipepesuka na kushika matumbo. Loveness hakupepesuka. Yeye alisimama na madaftari yake kifuani, akasema taratibu ili kila mtu asikie:

"Baba yangu alimpisha, akamshushia na taa. Baba yako hakuona kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye chupa."

"Hajawahi kunywa."

"Lori lilijilalia lenyewe, basi. Lilichoka."

Darasa zima likacheka. Mwajuma hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Alimeza kile kicheko kama mtu anavyomeza mfupa, akakaa nacho mpaka kengele ya kutoka.

Ijumaa hiyo hakwenda bandani. Alichukua mundu na kamba kwenda kukata majani ya mbuzi, akapita njia ya nyuma ya kanisa. Pikapu ya Mika ilikuwa imeegeshwa hapo peke yake, imeoshwa, imeelekea njiani. Zile taa zilimtazama. Hivyo ndivyo alivyoona yeye, kwamba zinamtazama na kumcheka kama wengine. Akaweka mundu chini. Akaokota jiwe la ukubwa wa gimbi, akapiga kioo cha kulia mpaka kikaingia ndani chote na balbu yake, kisha akapiga cha kushoto. Vipande vikaanguka kwenye majani kwa sauti ndogo sana, ndogo kuliko alivyotegemea. Hakuna aliyemwona. Akachukua mundu wake, akakimbia.

Mpaka anafika nyumbani alijisikia mwepesi. Alikata majani kwa nguvu, akafunga mzigo mkubwa kuliko wa siku zote. Alimfanyia baba yake jambo ambalo baba yake hakulifanya. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Alipoingia, alimkuta baba yake anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Mgeni alikuwa ametoka sasa hivi, Bi Josephina, mtendaji wa kijiji. Saidi hakuwa amekaa tu na bega lake. Alhamisi asubuhi alikwenda ofisini kwake, akamweleza, akamwomba jambo moja, kwamba aitwe askari wa usalama barabarani kutoka Lushoto aje akague taa za Mika kabla kikundi hakijakaa. Bi Josephina alipiga simu mara nne mpaka akakubaliwa.

"Kesho saa tatu anafika," Saidi alimwambia mkewe. "Mimi sina shahidi. Shahidi wangu ni zile taa. Aziwashe, ajaribu kuzishusha, basi. Zitasema zenyewe."

Mwajuma alikuwa bado amebeba mzigo kichwani. Akauachia ukaanguka mlangoni. Mama yake alimuuliza kama anaumwa. Alisema ni mzigo mzito.

Alisukuma sahani pembeni. Alilala ameukodolea macho ukuta. Hasira ilikuwapo bado, lakini sasa haikuwa na pa kwenda. Ilimgeukia yeye. Shahidi mmoja tu wa baba yake, na yeye kampiga jiwe.

Asubuhi ofisi ya kijiji ilijaa, watu wengine wakasimama nje madirishani. Askari alikuja kwa pikipiki. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Kabla hajakaa vizuri, Mika alisimama. Shati lake lilikuwa jeupe na uso wake umevimba kwa ghadhabu. Alisema gari lake limevunjwa taa zote mbili jana mchana, nyuma ya kanisa, na kila mwenye akili anajua ni nani. Alisema Saidi alijua taa zikikaguliwa zitaonekana nzima, zina dimu na fulu kama za watu, ndiyo maana akazivunja. Kwanza anaua lori la wakulima, halafu anavunja mali ya mtu. Sasa ameshatia balbu za kawaida kwa muda, na askari akitaka akague hizo hizo.

Chumba kilinguruma. Mzee mmoja alisema mkuja ni mkuja tu. Mwingine alitaka Saidi apelekwe Lushoto leo leo. Askari alimuuliza Saidi jana mchana alikuwa wapi. Saidi alisema alikuwa amelala nyumbani, bega linauma. Aliulizwa kama kuna aliyemwona. Akafikiri, akasema hakuna, mke wake alikuwa bandani, na Bi Josephina alimkuta jioni tu.

Mwajuma alikuwa dirishani. Aliona baba yake anavyotafuta la kusema na hapati. Akaona askari anafungua daftari lake. Miguu ilitaka kukimbilia nyuma, kwenye michai, ambako hakuna mtu anayemjua. Akaingia mlangoni. Alipenya katikati ya watu mpaka mbele, na sauti ilipotoka ilikuwa kavu.

"Shikamooni. Ni mimi niliyevunja."

Wachache walicheka. Mika alisema kafundishwa, mtoto wa kike hawezi. Mwajuma akamgeukia.

"Sikufundishwa. Nilivunja ya kulia kwanza, balbu ikavunjika nayo. Ya kushoto nikavunja kioo. Nilitumia jiwe, lipo pale nyuma ya kanisa mpaka sasa. Nilikukasirikia wewe, Baba Loveness. Ulisema baba amelewa na unajua hakulewa. Na mimi sikujua kwamba afande anakuja. Nimemvunjia baba ushahidi wake." Akamgeukia askari. "Yeye hakujua lolote. Kama ni kupelekwa Lushoto, nipelekwe mimi."

Saidi alimtazama binti yake kama mtu aliyepigwa. Ndani ya chumba hakuna aliyecheka tena.

Ndipo mtu akakohoa kule nyuma. Alikuwa Fundi Jonas, ameegemea mlango na ovaroli yake ya mafuta. Alikuwa amekuja kusikiliza tu, kama alivyosema mwenyewe, na alikuwa ameamua kunyamaza, kwa sababu Mika ni mteja wake na mteja halishwi aibu. Alitembea mbele, akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua mezani. Ndani ilikuwamo balbu nyembamba yenye waya, pamoja na kiboksi chake.

"Hii ni ya kushoto. Haikuvunjika," alisema. "Leo alfajiri Mika aliniambia nizing'oe na nizitupe chooni. Nimezing'oa. Kuzitupa, mkono ulikataa."

Mika alimwambia akae chini. Jonas hakukaa. Alieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake gereji. Balbu ya zamani ina nyuzi mbili ndani, moja ya fulu na moja ya dimu. Hii haina uzi, ina moto mmoja tu, na huo haushuki. Tena kioo cha gari lile kilitengenezwa kwa balbu ya zamani. Ukikitia hii, mwanga hautulii chini barabarani, unatawanyika na kumpiga mwenzako machoni. Katika ukungu ni kama kumfunika mtu shuka jeupe.

"Nilimwambia siku ile ile ninazifunga. Nikamwambia, mgoshi, ndugu yangu, hizi hazina dimu. Akanijibu, wao ndio watafumba macho. Nikafunga. Kosa hilo ni langu pia, afande. Na nikanyamaza siku tatu huku mwenzangu anaitwa mlevi. Mtoto huyu amenitia haya."

Askari hakutaka maneno matupu. Walitoka wote nje, mpaka kwenye pikapu. Jonas akaunganisha balbu na kiboksi chake kwenye nyaya za gari, akaishika kwa koleo, akaielekeza ukutani. Iliwaka kwanza kwa rangi ya buluu, ikachukua muda, kisha ikawa nyeupe kali hata mchana ule watu wakageuza nyuso. Askari akaingia mwenyewe kwenye kiti cha dereva. Akashika swichi ya taa, akaisukuma kwenda dimu. Swichi ililia ka. Mwanga ukutani haukubadilika. Akairudisha fulu, ka. Haukubadilika. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila swichi ilipolia watu walitazama ukutani.

Alitoka, akamuuliza Mika kama bado anasema alishusha taa siku ya Jumatano.

Mika alitazama chini. Alisema kwamba aliona Saidi anamwashia. Alifikiri kuzizima kabisa, lakini zikizimwa zinachelewa kuwaka, naye alikuwa mdomoni mwa bonde, akaogopa. Lori lilipolala akaogopa zaidi. Neno mlevi lilimtoka, alisema, na lilipokuwa limetoka watu wote walikuwa wameshalidaka.

"Na hukulirudisha," Bi Josephina alisema. "Siku tatu. Mtu ana mke, ana watoto shuleni. Ungelirudisha lini, tukishamzika?"

Sauti ya Bi Josephina ilikuwa ya ukali ambao watu hawakuuzoea. Aliwageukia na wakulima pia. Aliwaambia kwamba Mika alitupa neno moja tu, waliolibeba ni wao, na miaka tisa ya mtu mwaminifu waliiuza kwa sahani ya pilau ya harusi. Yule mzee aliyesema mkuja ni mkuja alipangusa kofia yake ambayo haikuwa na vumbi.

Askari alimwandikia Mika kosa lake na kumpiga marufuku kutia taa hizo katika gari hilo. Mbele ya watu, Mika alimwomba Saidi msamaha kwa jina lake na jina la baba yake. Kijiji kikakubaliana kufanya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, Jumatatu kwenda kuliinua lori, Mika akiwa wa kwanza na kamba. Mpaka lori litengenezwe, majani ya wakulima yatapelekwa kiwandani na pikapu yake. Saidi akabaki dereva wa kikundi, bega likipona.

Mwajuma alidhani yamekwisha. Bi Josephina akamwita mbele, akamwambia kwamba ukweli aliousema ni mkubwa, na vioo alivyovunja pia ni vya mtu. Kwa mwezi mzima atamkatia majani ng'ombe wa Mika, kila alfajiri kabla ya shule.

Jumatatu alikwenda. Loveness alimfungulia lango, akatazama pembeni, akasema kwa sauti isiyosikika vizuri kwamba alichosema darasani hakikuwa kweli. Mwajuma akatua mzigo, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Alirudi nyumbani ameloa umande mpaka kiunoni, na hasira imemrudia yote. Alimkuta baba yake anakunywa chai, akamwambia si haki. Yule alisema uongo, na yeye ndiye anayemkatia majani. Akamuuliza kama yeye hakukasirika hata kidogo.

Saidi aliweka kikombe chini.

"Nilikasirika. Mpaka sasa nimekasirika, na wewe usifikiri nimelisahau lile jiwe. Mtu akionewa asipokasirika, huyo ana ugonjwa. Lakini mimi hasira yangu niliipeleka ofisini kwa Bi Josephina, mchana, nikataja jina langu na ninachokitaka. Wewe yako uliipeleka nyuma ya kanisa ambako hakuna mtu. Ikafanya nini? Ikamfanyia kazi Mika. Alikuwa akitafuta pa kuuficha uongo wake, ukampatia. Halafu ulipoingia ndani ukakiri kwamba ni wewe, mbele ya wote wale, hata fundi mzima akaona haya. Ilikuwa hasira ile ile, mwanangu. Kwa hiyo ukikasirika tena, na utakasirika, njoo mbele za watu useme kweli, hata kama sehemu ya kweli hiyo inakuumiza wewe."

Maji yalikuwa yakimchuruzika Mwajuma kwenye sketi. Baadaye aliuliza zimebaki siku ngapi.

"Ishirini na tisa," Saidi alisema. "Nenda ukanoe mundu."